Kovu la moto lililofunguka tena

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Naandika kwa niaba ya baba yangu, tunakaa Konde, Pemba. Ana miaka 61. Alipokuwa na miaka 19 mguu wake wa kulia ulizama kwenye tanuu la chokaa, akaungua kuanzia muundi mpaka karibu na kifundo. Alitibiwa kwa majani na bandeji akapona, likabaki kovu kubwa ambalo humuwasha, huchubuka, kisha hufunga lenyewe. Mwaka jana kabla ya Ramadhani lilipasuka sehemu moja na mpaka leo halijafunga. Tumelisafisha kituo cha afya, amekunywa vidonge vya rangi mbili dozi kadhaa, tumetia asali, tumetia mrututu. Sukari amepimwa, hana. Sasa ukingo umeinuka, mgumu, una vinundu kama tumbawe, linanuka, na nikibandua bandeji linatoka damu. Jirani anasema ni donda ndugu, shangazi anasema ni husda. Daktari wa Wete anataka akatwe kinyama kipimwe. Baba amekataa. Anasema saratani ya ngozi ni ya Wazungu na watu wenye ualbino, na kwamba saratani ikiguswa kisu inasambaa. Ni kweli? Na tukikubali, ndiyo mguu utakatwa?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mguu wa baba sijauona, na ngozi haisomwi kwa barua. Lakini hayo uliyoyaeleza, kovu la moto la miaka mingi, kidonda cha zaidi ya mwaka, ukingo mgumu ulioinuka, harufu, damu kwa kuguswa tu, daktari yeyote wa upasuaji akiyasikia kwa pamoja atafikiria saratani iliyoota juu ya kovu. Na ataendelea kuifikiria mpaka kipande cha nyama kisomwe chini ya hadubini na kumwambia vyengine. Daktari wa Wete amekupeni shauri la sawasawa. Mkiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu mwezi huu, mengine yote yawekeni kando, fanyeni hilo la kinyama.

Kilichonishtua zaidi katika maelezo yako si harufu wala damu. Ni lile neno kwamba kovu huchubuka kisha hufunga lenyewe. Ngozi iliyoungua ndani kabisa, ikaachwa ijifunge bila ya kupandikizwa ngozi nyengine, hairudi kuwa ngozi kamili. Inakuwa nyembamba na kavu, haina vinyweleo wala mafuta yake, mishipa ya damu ni michache, na pale kwenye muundi chini yake hakuna nyama ya kuipa mto, ni mfupa tu. Mtu akijigonga kidogo kwenye ngazi, au suruali ikimsugua, inafunguka. Kila ikifunguka, seli za juu za ngozi hulazimika kugawanyika upya ili kuziba pengo. Kazi hiyo ikirudiwa kwa miaka 40, hutokea seli zinazogawanyika bila ya kusita hata pengo likiwa limeshazibwa. Na kwa kuwa ndani ya kovu njia za damu na za limfu, yale maji ya mwili yanayopita kwenye mitoki, zimeharibika, askari wa mwili hawafiki kwa wakati kuziona na kuziua.

Daktari wa upasuaji wa Kifaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika kuhusu vidonda vya aina hii mwaka 1828, na mpaka leo vinaitwa vidonda vya Marjolin. Nakutajia jina ili mkilikuta kwenye karatasi ya rufaa msidhani mmepewa ugonjwa mwengine. Muda wa kati tangu mtu aungue mpaka saratani itokee ni mrefu, wastani unaotajwa ni kama miaka 30, na aliyeungua utotoni au ujanani husubiri zaidi kuliko aliyeungua mtu mzima. Baba yako aliungua na miaka 19, sasa ana 61. Hesabu inaingia.

Kwa upande wa pili, makovu ya moto yamejaa kila kijiji cha Pemba, ya uji, ya kibatari, ya mafiga, ya mafuta ya kukaangia, na mengi mno hayatogeuka chochote. Vitabu vya upasuaji hutaja kama 1 au 2 katika kila makovu 100 ya moto. Kwa hivyo asiamke mtu kesho akaanza kulilia kovu lake la utotoni lililonyamaza. La kuchungwa ni lile lisilotulia.

Sasa nataka utazame kitu. Leo ukibadilisha bandeji, usikimbilie kutia dawa. Vaa glavu, osha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha kiangalie kwenye mwanga wa mchana, dirishani. Watu wengi hutazama katikati ya kidonda, penye usaha. Mimi naanza kutazama ukingo, maana ukingo ndio unaosema ukweli. Kidonda kinachopona ukingo wake huteremka taratibu kuingia ndani, na utaona utando mwembamba wa ngozi mpya, wa waridi au mweupemweupe, unaotambaa kuelekea katikati. Kidonda cha saratani ya aina tunayoihofia ukingo wake husimama, mara nyengine hujikunja kwa nje, na ukiuminya kwa kidole unahisi ugumu unaoendelea chini ya ngozi kupita pale unapoona kidonda kinaishia. Sakafu yake ina vinyamanyama vinavyomeguka na kutoa damu. Kipige picha ukiwa umeweka rula ya skuli pembeni, kisha piga tena baada ya wiki mbili kwa umbali ule ule. Daktari atakayekiona atakushukuru, kwa sababu maneno "kimekua" na "hakijakua" kwenye familia hubishaniwa sana, na picha mbili hazibishani.

Jambo la pili la kutazamwa ni mitoki kwenye kinena cha mguu huo huo. Kwa stara, hili alifanye kaka yako au baba mwenyewe. Alale chali, apapase kwenye mkunjo wa paja. Mtoki mdogo unaoteleza chini ya vidole ni wa kawaida kwa mtu mwenye kidonda mguuni, kwani uchafu wa kidonda peke yake huuvimbisha. Mtoki mgumu usiotembea, uliopita sentimita mbili, au mitoki kadhaa iliyogandana kwa pamoja, huo utajeni mara tu mnapoingia kwa daktari. Msingoje aulize.

Nisije nikakutisha kwa upande mmoja tu. Vidonda vya mguu visivyopona vina wazazi wengi. Sukari mmeshaiondoa, na mmefanya vyema kupima. Mishipa ya damu iliyovimba hutoa vidonda upande wa ndani wa mguu, juu ya kifundo, na ngozi ya pembeni huwa nyeusi na ngumu. Wagonjwa wa seli mundu nao huvipata huko huko chini karibu na vifundo, tangu vijana. Ukoma bado upo nchini, na alama yake kubwa ni kidonda cha wayo kisichouma kabisa kwa mtu aliyepoteza hisia, dawa yake ni ya bure. Kifua kikuu nacho kinaweza kuingia kwenye ngozi. Na lipo hilo la jirani yenu, donda ndugu, ambalo huanza na mkwaruzo au mwiba chini ya goti, mara nyingi kwa mtoto asiyekula vizuri, wadudu wakaingia na likala nyama kwa wiki chache. Jirani hajakosea sana, maana donda ndugu likiachwa miaka na miaka huweza kuishia kuwa saratani ile ile. Kwa hivyo hata mkimkubalia yeye, njia inarudi pale pale kwenye kinyama.

Nije kwenye kauli ya baba kwamba saratani ya ngozi ni ya Wazungu na watu wenye ualbino. Ameshika nusu ya ukweli. Jua hudhuru ngozi isiyo na rangi ya kuikinga, na ndugu zetu wenye ualbino wanaumia sana kwa hilo. Inakisiwa kuwa Tanzania kuna mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, na wengi wao huanza kupata mabadiliko ya ngozi wakiwa bado vijana, kwenye shingo, masikio, midomo na mikono. Mafuta ya kuwakinga na jua yanatengenezwa Moshi kwa ajili yao, yanaitwa Kilisun, na kofia ya ukingo mpana pamoja na shati la mikono mirefu vina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu mwenye ualbino anayeshinda pwani kwenye mwani tangu asubuhi mpaka maji yajae, bila ya kofia, anapigwa na jua mara mbili: la juu na la kwenye maji.

Sisi weusi rangi yetu inatukinga na jua kweli. Haitukingi na kovu. Kwa watu weusi saratani ya ngozi inayoonekana zaidi ni hii ya seli za juu, kitaalamu skwamasi seli kasinoma, na mara nyingi haioti usoni ambako jua linapiga. Huota miguuni, kwenye makovu ya moto, kwenye vidonda vya zamani, kwenye matundu yanayotoa usaha kutoka mifupa iliyooza. Ndiyo maana inachelewa kutambuliwa. Mgonjwa anasema ana kidonda, muuguzi anaandika kidonda, chumba cha kufungia vidonda kinafunga kidonda, na kila mtu anafanya kazi yake vizuri kwa miezi kumi na minane huku hakuna aliyeuliza kwa nini hakiponi. Kama ningekuwa na mamlaka ningebandika karatasi moja kwenye mlango wa kila chumba hicho: kidonda kilichozidi miezi mitatu kikatwe kinyama kabla ya kufungwa tena. Na kikiwa juu ya kovu la moto, msingoje hata hiyo miezi mitatu.

Kuna saratani nyengine ya ngozi inayotupata sisi weusi, na naitaja hapa kwa ajili yako na wanawake wa nyumbani kwenu, si kwa ajili ya baba. Inaitwa melanoma. Kwetu sisi inapenda wayo, kiganja, na chini ya kucha. Huanza kama doa jeusi au la kahawia lisilo na mpaka mzuri, linatanuka polepole, haliumi, haliwashi. Chini ya kucha huonekana kama mstari mweusi unaopanuka, au rangi inayovuka kucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni. Bob Marley alikufa kwa maradhi haya mwaka 1981 akiwa na miaka 36, na yalimuanzia chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu. Hapa kwetu kuna jambo la pekee: nyayo za wanawake hutiwa hina na piko, harusi hii mpaka harusi ile, na doa jeusi linajificha chini ya ua bila ya mtu kujua. Sisemi muache kujipamba. Nasema siku hina imekwisha kufifia, kabla ya kupaka mpya, mtu akae chini ageuze wayo na kuutazama, na katikati ya vidole pia. Doa jipya la mtu mzima kwenye wayo lionekane na daktari. Lisipakwe dawa ya chunjua, lisikwanguliwe kwa wembe.

Na kuna ile ya mabaka ya zambarau au meusi, mengi, miguuni au mdomoni, mara nyengine mguu ukivimba kama wa mwenye matende. Hiyo ni kaposi. Husababishwa na kirusi na hushika zaidi pale kinga ya mwili inaposhuka kwa VVU. Dawa za ARV ni sehemu kubwa ya tiba yake. Kidonda cha baba ulivyokieleza hakifanani nayo, lakini akiombwa kupima VVU kabla ya upasuaji asione ametuhumiwa. Hupimwa watu wa kila namna.

Kisu kinasambaza? Imani hii haikuanguka kutoka mbinguni. Watu wetu kwa miaka mingi wamekuwa wakifika hospitali uvimbe ukiwa umeshatembea. Wakakatwa, wakafa baada ya miezi, na walioachwa nyuma wakakumbuka kisu. Hawakukumbuka mwaka mzima uliotangulia kisu. Kwa saratani ya aina hii, kuchukua kipande kidogo cha kupima hakujaonekana kuwa ndiko kunakoisambaza. Kinachoipa nafasi ni muda. Kinachoharibu kweli ni kukatwa nusunusu bila ya kujua kinachokatwa, kukwangua vinyama vilivyoota na kuvitupa bila ya kuvipeleka maabara, na kuchoma kidonda kwa mrututu mpaka juu pakakauka huku chini ugonjwa unaendelea.

Mweleze baba jinsi inavyokuwa, maana hofu nyingi ni ya kutojua. Hatolazwa usingizi. Atalala kitandani, mguu utasafishwa, atadungwa sindano ya ganzi pembeni ya kidonda. Hiyo sindano inauma, asidanganywe, inachoma kwa muda mfupi kisha pale panakufa ganzi. Daktari atakata kipande cha milimita chache kwenye ukingo, akichukua kidogo cha ngozi nzima na kidogo cha kidonda kwa pamoja, tena aende chini. Katikati ya kidonda pana nyama iliyokufa na usaha, ukipeleka hiyo maabara jibu litarudi "uvimbe wa maambukizi" na mtafarijika bure. Kwa kidonda kikubwa kama hicho ni vizuri vichukuliwe vipande viwili au vitatu sehemu mbalimbali, hasa pale palipoinuka zaidi. Muulizeni daktari kwa heshima: "Dokta, utachukua sehemu zaidi ya moja?" Si utovu wa adabu. Kisha patashonwa uzi mmoja au patabanwa kwa bandeji mpaka damu isite, naye atarudi nyumbani kwa miguu yake.

Hapo linakuja jambo ambalo linapoteza majibu mengi kuliko ugonjwa wenyewe, nalo ni chupa. Kipande kinatakiwa kiingie kwenye formalini, yaani dawa ya maji ya kuhifadhia nyama isioze, mara tu kinapokatwa, formalini ikiwa nyingi, kama mara kumi ya ujazo wa kipande. Kikitiwa kwenye maji ya chumvi au kikaachwa kwenye glavu mpaka kesho kinaoza, na mtaalamu wa patholojia, yule anayekisoma chini ya hadubini, hawezi kukisoma. Chupa iandikwe jina kamili, umri, upande wa mguu na tarehe, na karatasi iandikwe wazi: kidonda juu ya kovu la moto la miaka 42. Sentensi hiyo moja inambadilisha msomaji wa hadubini namna anavyotazama. Ulizeni kipande kinapelekwa wapi, kinaondoka lini, na nani anapokea jibu, kisha andikeni namba ya sampuli kwenye simu yako. Ikipita muda mliopewa, fuatilieni kwa hiyo namba. Majibu hayana miguu.

Swali lako la mwisho, mguu. Inawezekana ukakatwa. Si lazima. Inategemea kidonda kimefika wapi siku atakapoonwa, na hilo ndilo linalonifanya nikuhimize hivi. Atapigwa picha ya eksirei kuona kama mfupa umeguswa. Ikiwa mfupa ni mzima na kidonda hakijazunguka mguu wala kuingia kwenye kifundo, tiba ni kukiondoa chote pamoja na ngozi inayoonekana nzima pembeni yake, kwa kawaida sentimita 2 au zaidi kila upande, na kwenda chini mpaka tabaka safi. Kisha pengo huzibwa kwa ngozi ya kupandikiza kutoka pajani. Kwenye muundi mara nyengine ngozi ya kupandikiza peke yake haishiki kwa kuwa inakutana na mfupa mtupu, hapo daktari huzungusha nyama ya jirani kuja kuufunika. Mguu unabaki, kovu linabaki, mtu anakwenda msikitini.

Mfupa ukiwa umeliwa, au kidonda kikiwa kimeshika mishipa mikubwa, kuukata mguu chini ya goti ndiko kunakookoa maisha. Goti likibaki, kutembea kwa mguu bandia ni jambo linalowezekana vizuri hata kwa mtu wa miaka 61. Goti likiondoka ni kazi kubwa zaidi. Mitoki ikithibitika kuwa na ugonjwa nayo huondolewa. Saratani zinazoota kwenye makovu hukimbilia mitoki mara nyingi kuliko zile za ngozi iliyopigwa jua, kwa hivyo tofauti ya mwezi mmoja na miezi sita hapa si ndogo.

Kuhusu njia ya kufuata: kipande kinaweza kukatwa Wete au Chake Chake. Upasuaji mkubwa, Pemba mnayo Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Huko hufanya kazi pia madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu, ambao wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964. Likiwa zito zaidi mtavuka kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Akihitaji mionzi, kwa mfano mitoki ikiwa na ugonjwa au ukingo wa kilichokatwa haukuwa safi, rufaa huenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Shikeni karatasi ya rufaa, msiende kwa kusikia tu kwamba fulani alikwenda akapokelewa. Ulizeni kuhusu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar kama kuna mtoto wake aliyesajiliwa, na hospitali kubwa zina afisa ustawi wa jamii, mwoneni kabla hamjauza mikarafuu.

Wakati mnasubiri, mrututu uacheni leo. Unaunguza nyama nzima na unabadilisha sura ya kidonda mpaka daktari asijue anatazama nini. Vidonge vya rangi mbili navyo basi, vya kumeza na vya kufungua na kunyunyiza unga wake. Haviponyi saratani, na vinawafundisha wadudu ukaidi. Asali safi haina ubaya, inapunguza usaha na harufu kidogo, ila msiifanye sababu ya kuahirisha safari. Harufu ikiwakera, mwambieni daktari, ipo metronidazo, dawa ya kuua wadudu wanaoleta harufu, ya kusaga na kutia juu ya kidonda kwa maelekezo yake, na inasaidia sana. Nakuambia hili kwa sababu najua harufu ndiyo inayomfanya mzee akae peke yake barazani na kusema anapenda upepo. Bandeji ibadilishwe kila siku, mara mbili ikiwa inalowa, na nzi wasipate nafasi. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi dakika 15 bila ya kuchungulia, mguu ukiwa juu. Ikikataa kusita, hiyo ni safari ya usiku ule ule. Kadhalika homa, au mguu kuvimba ghafla. Na kama hajadungwa sindano ya pepopunda miaka mingi, aulizie hapo hapo kituoni.

Najua atauliza kuhusu udhu, hata kama wewe hukuuliza. Maji ya kupita hayakiharibu kidonda hicho kuliko kilivyoharibika, lakini bandeji iliyolowa mara tano kwa siku inaoza ngozi ya pembeni. Masala ya kupangusa juu ya jabira, yaani juu ya bandeji badala ya kuosha, yanajulikana vizuri na masheikh wetu, mwende kwa imamu wenu akampe fatwa yake mwenyewe kwa mdomo wake. Wazee huipokea vizuri zaidi kutoka kwake kuliko kutoka kwa daktari.

Kwa shangazi, msigombane. Akitaka kuleta kombe, yale maji yaliyooshea aya za Qurani zilizoandikwa, baba anywe kombe. Akitaka asomewe, asomewe, na hakuna daktari wa Zanzibar atakayekasirika kwa hilo. Ninachoomba ni kisitiwe kitu juu ya kidonda, na kisomo kisisogeze tarehe ya Wete. Kwa baba mwenyewe, sidhani kwamba wewe binti ndiye wa kumwambia. Mtafute ami yako au rafiki yake wa rika moja, mtu anayemkalia barazani, umsomee barua hii, kisha yeye aende. Na asianze na neno saratani. Aanze na kusema kwamba kidonda kimekataa kupona na wanataka kujua jina lake. Baba hajakataa tiba, naona amekataa jina.

Jibu likirudi na maneno skwamasi seli kasinoma, nendeni kwa daktari wa upasuaji wiki hiyo hiyo na muulize mambo mawili: mfupa umeguswa, na mitoki ikoje. Baada ya kukatwa, karatasi ya pili itasema kama ukingo wa kilichoondolewa ni safi, na hiyo muihifadhi pamoja na ya kwanza. Atatakiwa kurudi kuonwa kila baada ya miezi michache kwa miaka ya mwanzo, kinena kipapaswe kila safari, hata kama mguu umepona vizuri.

Na likirudi na maneno kwamba saratani haikuonekana, shukuruni, kisha tazameni kidonda. Kama ukingo bado umesimama vile vile na vinundu viko pale pale, msikubali kurudishwa chumba cha kufungia vidonda. Kipande kimoja kinaweza kuwa kimekosa mahali penyewe. Ombeni kikatwe chengine, kwa kina zaidi, kutoka sehemu nyengine ya ukingo.